Tutamalizia Kesho, Mdogo Wangu

Hapa Igombe, ukingoni mwa ziwa, sisi wanawake tunaanika dagaa. Asubuhi tunawamwaga juu ya nyavu. Mchana tunawageuza. Alasiri tunawakusanya. Mimi naitwa Evelina, lakini watu wananiita Mama Revo. Revocatus alikuwa mwanangu wa kwanza. Alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa kifua. Jina lake limebaki kwangu.

Niliyebaki naye ni Ng'washi, wa darasa la nne. Kila alasiri alikaa kwenye jiwe karibu na nyavu. Alifungua kitabu alichoachiwa na kaka yake, akasoma kwa sauti. Hadithi ilikuwa ileile siku zote. Masanja amepotelewa na ng'ombe. Masanja anamuuliza mchungaji. Na kila alipofika hapo kwa mchungaji, Ng'washi alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu. Mtoto mwenyewe hakuwa anaumwa.

Kikohozi kile nilikijua. Kilikuwa cha Revo.

Kisha Masanja alifika mtoni. "Akafunua majani," Ng'washi alisoma, "akaona..." Hapo alinyamaza. Alifunga kitabu na kusema kwa sauti nzito, sauti isiyo yake: "Tutamalizia kesho, mdogo wangu."

Mwili ulinisisimka kila siku. Lakini kwa nini niwafiche? Nilipenda. Nilikuwa namsikia mwanangu aliyekufa. Mzazi gani angeziba masikio?

Mama mkwe wangu, Bibi Mhoja, hakupenda hata kidogo.

"Mayo wane, mama yangu!" alisema. "Revo hajapumzika. Kuna kitu anataka. Jumamosi mtoto huyu anakwenda kwa mfumu. Atakaa huko mpaka mambo yatulie."

Mfumu ni mganga wetu wa kupiga ramli. Yule wa ukoo wetu anaishi mbali, na anayepelekwa kwake hukaa miezi. Ng'washi akienda, shule ndiyo basi tena. Nililijua hilo. Mama mkwe wangu hapingwi kirahisi.

Mwalimu wake, Mwalimu Odeta, alikuwa ameniita shuleni mara mbili. Sikwenda. Mtoto anasoma kama maji, wananiitia nini? Basi Ijumaa akaja mwenyewe, viatu vimejaa mchanga, akatukuta mimi na mama mkwe kwenye nyavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu."

"Mama Revo, nimekuja kukwambia kwamba Ng'washi hajui kusoma."

Nilicheka kwa hasira. "Hajui? Ng'washi! Lete kitabu umsomee mwalimu wako!"

Jalada la kitabu kile lilikuwa limeachia zamani. Mwalimu alilitoa. Ndani yake aliingiza kitabu cha hesabu alichokuja nacho, kisha akampa mtoto. Mimi nilisimama nyuma yake. Ukurasa ulikuwa umejaa namba tupu.

Ng'washi aliweka kidole juu ya namba. "Masanja alikuwa na ng'ombe mmoja," alianza. Kidole kilitembea, hadithi ikatembea. Akafika kwa mchungaji, akakohoa mara mbili. Akafika mtoni. "Akafunua majani, akaona..."

Upepo ulikuwa umekufa. Kule ziwani wingu la wadudu lilisimama kama moshi, halisogei.

"Tutamalizia kesho, mdogo wangu."

Ungo ulimdondoka Bibi Mhoja. Dagaa wakamwagika.

"Mmeona?" alisema. "Ni Revo huyo!"

"Hapana, bibi," mwalimu alijibu taratibu. "Ni masikio ya mtoto huyu. Kaka yake alimsomea, yeye akashika kila neno, mpaka kikohozi. Ana akili nyingi. Ndiyo maana ametudanganya wote. Darasani wako tisini na wawili. Wenzake wakisoma kwa pamoja, naye anaitikia. Juzi nilimpa herufi moja moja. Hakuzijua."

Ng'washi aliangua kilio. "Mama, nikiacha kusoma hivi, Revo ataondoka!"

Maneno yale yalinikata maini. Mimi pia nilikuwa naogopa hilohilo.

"Sasa tufanyeje?" niliuliza. "Mtamrudisha darasa la kwanza wamcheke?"

"Hapana. Atabaki na wenzake. Kwanza ninafundisha darasa zima, na wengi wanaelewa. Wachache wanabaki nyuma. Hao ninawaweka kwenye kikundi kidogo, watoto sita, mara tatu kwa wiki. Wapo ambao hata hapo hawashiki. Mtoto wa namna hiyo ninakaa naye peke yake kila siku, dakika ishirini. Kila wiki mbili ninampima. Akipanda, anarudi kwenye kikundi. Akipanda tena, darasa zima linamtosha."

Nilitazama nyavu zangu. "Kumbe kama dagaa. Tunaanika wote. Walio wabichi tunawageuza. Waliobaki wabichi kabisa tunawatandaza pembeni, jua liwafikie vizuri. Hatuwatupi."

"Hivyo hivyo. Lakini nina ombi. Kitabu hiki nikae nacho mimi kwa muda. Akiwa nacho, atasoma kwa masikio tu."

"Usinichukulie mwanangu mara ya pili!" nilifoka. Mwalimu hakubisha. Aliacha kitabu juu ya jiwe, akaondoka.

Asubuhi ya Jumamosi, Bibi Mhoja alikuwa amefunga kifurushi cha safari. Ng'washi alisimama mlangoni, macho yamevimba. Nilimtazama yule aliye hai. Nikachukua kitabu.

"Mama, nisamehe," nilimwambia bibi. "Mtoto haendi." Nilimshika Ng'washi mkono, tukaenda moja kwa moja kwa mwalimu, nikamkabidhi kitabu.

Wiki zile za kwanza jiwe lilikuwa kimya. Nililia kama siku ya msiba. Bibi hakunisemesha.

Shuleni Ng'washi alianza na jina lake mwenyewe. Nami mwalimu alinipa kazi ya kufanya naye nyumbani: kila siku silabi tano, dakika kumi, bila kumgombeza. Tuliziandika kwa mkaa kwenye jiwe lile. Ma, me, mi. Baada ya miezi mitatu aliingia kwenye kikundi cha watoto sita. Alikuwa anakosea, anarudia, anakasirika. Sauti ilikuwa yake. Upimaji wa darasa la nne alikuja kuuvuka, nalisema mapema msikae roho juu.

Mwezi wa nane Mwalimu Odeta alirudisha kitabu. "Sasa kiko salama," alisema.

Ng'washi alikaa kwenye jiwe. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alifika kwa mchungaji. Mimi na bibi tuliacha kukusanya dagaa. Hakukohoa, akapita.

"Akafunua majani, akaona..."

Alinyamaza. Wadudu walikuwa wamesimama tena juu ya ziwa. Kisha Ng'washi akageuza ukurasa, ukurasa ambao kaka yake hakuwahi kuugeuza.

"Ng'o... ng'ombe. Ng'ombe wake a-me-la-la. Na pembeni yake, nda... ndama!" Aliruka. "Mama! Kumbe alikuwa amezaa!"

Nilicheka, machozi yakinitoka. Ng'washi akaniangalia.

"Mama, Revo aliujua mwisho?"

"Hapana, mwanangu. Hakuufikia."

Bibi Mhoja aliweka ungo chini. Alikuja na kukaa kwenye mchanga, karibu na jiwe.

"Nilisema kuna kitu anataka," alisema. "Rudia, mjukuu wangu. Kwa sauti. Msomee kaka yako."