Taa Isiyo na Balbu

Jumamosi asubuhi nilikuwa naosha gari la mke wangu. Lilikuwa likikaa uani tangu mafundi wa bodi walirudishe, likiwa na boneti mpya ambayo rangi yake haikuoana vizuri na ya milango, na nilikuwa nimeamua kuliuza. Nilisugua magurudumu, nikafuta vioo, kisha nikafungua mlango wa dereva ili nifagie ndani.

Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa.

Mke wangu alikuwa mfupi. Kila nilipoendesha gari lake nilirudisha kiti nyuma, na kila alipolichukua yeye alikivuta mbele huku akilalamika kwamba ameolewa na mlingoti. Jana yake nililipeleka kituo cha mafuta na kurudi. Nilikuwa nimekaa vizuri, miguu imenyooka. Funguo zililala chumbani kwangu. Nikajiambia kwamba reli ya kiti imelegea baada ya ajali, nikakirudisha.

Ndipo mlio ukaanza. Ti, ti, ti. Kimya kidogo. Ti, ti, ti. Kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu, ile ya duara lenye alama ya mshangao katikati. Taa ya breki.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Gari likilia, kuna waya umegusa pasipotakiwa, na kazi ni kuutafuta. Nikaanza na yaliyo rahisi. Nilikagua mafuta ya breki: yamejaa, tena mapya, maana mfumo wote ulibadilishwa baada ya ajali. Nikapandisha breki ya mkono na kuishusha. Nikabonyeza swichi ya mlango kwa kidole. Nikachomoa fyuzi moja moja na kuzipanga juu ya kitambaa. Mwishowe nikafungua boneti nikaondoa waya wa betri.

Taa haikufifia hata kidogo. Mlio haukukosa pigo.

Nikaleta bisibisi, nikafungua kioo cha dashibodi, nikaitoa ile sahani ya mishale na taa na kuigeuza. Kila taa ya onyo ina tundu lake dogo na balbu ndogo ndani. Tundu la taa ya breki lilikuwa tupu. Lilikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi hilo kulikuwa na mwanga mwekundu. Nikaingiza ncha ya penseli. Haikugusa kitu. Kivuli chake kikaanguka kwenye kiganja changu.

Kile kidude kinachotoa mlio nilikikuta nyuma yake. Nyaya zake zilikuwa zimekatwa na kufungwa kwa tepu nyeusi. Tepu yenyewe ilikuwa kuukuu, kingo zimeganda uchafu. Haikufungwa baada ya ajali. Ilifungwa kabla.

Naomba nieleweke hapa. Sikuogopa. Nilikasirika.

Mke wangu alifia kwenye ule mteremko unaoshuka kutoka hospitali alikokuwa mkunga. Askari wa barabarani walisema hapakuwa na alama za matairi, kwa hiyo hakufunga breki, kwa hiyo pengine alisinzia. Kaka yangu mkubwa alikuwa na maelezo yake. Alisimama msibani, mbele ya wakwe zangu, akasema kwa sauti ya huruma, "Shemeji alipenda mwendo. Tulimwonya." Watu wakatikisa vichwa. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo habari yake: yule mkunga aliyependa mwendo. Yeye, mwanamke ambaye hata akipanda bajaji aliisimamisha njiani ili kumsihi dereva apunguze kasi.

Sasa nilijua. Alikanyaga breki. Kanyagio likazama hadi chini, na taa ambayo ingemwambia siku nyingi kabla kwamba mafuta yanavuja ilikuwa imeng'olewa.

Nikaenda gereji na ile tepu mfukoni. Fundi wetu wa umeme tunamwita Dokta. Alikuwa amelala chini ya pikapu, miguu tu inaonekana.

"Dokta, hii ni tepu yako?"

Alijiburuta akatoka, akaitazama, akacheka. "Mwalimu, tepu nazo zina majina siku hizi?"

"Nani alikwambia utoe balbu ya breki kwenye gari la mke wangu?"

Kicheko kikaisha. Akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Taa ikiwaka, mtu hana raha," alisema. "Wengi wananiambia, Dokta, itoe. Ukiitoa, roho inatulia. Ndiyo kazi zetu hizi. Mimi nafanya nilichoagizwa."

"Na nani?"

"Aliyelileta."

"Aliyelileta nani?"

"Magari ni mengi, Mwalimu." Akarudi chini ya pikapu. Kutoka huko akaongeza, kwa sauti ndogo, "Pole na msiba."

Nilitaka kuipiga teke jeki. Nilisimama pale mpaka hamu hiyo ilipopita, kisha nikaenda nyumbani.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama kaka alipokuja, amemshika Mama mkono. Gari lake lilikuwa bovu, na alitaka la marehemu ili ampeleke Mama kwa dada yetu. Hakuomba. Kaka haombi; hunyoosha mkono.

"Lete ufunguo, mdogo wangu. Si unaliuza? Acha kwanza litufae."

Taa na mlio vilikuwa vimekoma vyenyewe, na nilikuwa nimesharudisha fyuzi na waya wa betri. Sahani ya taa pia niliirudisha mahali pake, tundu likiwa tupu vilevile. Nikampa ufunguo. Nilitaka tu Mama asikie ule mlio, ili kesho mtu asiseme kwamba msiba umenichanganya akili.

Mama akaketi nyuma. Kaka, mtu wa tumbo na mabega, akajitosa kwenye kiti cha dereva. Mimi nikabaki nje, mikono yote miwili juu ya ukingo wa dirisha lake. Akawasha.

Ti, ti, ti.

"Kuna nini tena?" Akabonyeza hiki, akapiga kile. Taa nyekundu ikamwangaza kidevu. "Na hii kelele nayo! Si nilimwambia Dokta aiue?"

Injini ilikuwa ikinguruma taratibu. Nilimwona akijisikia, akiyarudia maneno yake mwenyewe kichwani, akitafuta mahali pa kuyaficha.

"Ulimwambia lini?" nikauliza.

"Aa, mdogo wangu. Zamani. Nililiazima ile wiki ya harusi ya jirani, likawa linalia njia nzima, abiria wananicheka. Ilikuwa taa tu."

"Ukamwambia mke wangu?"

Kiti kikasogea mbele.

Si kwa kishindo. Kilisogea kidogo, reli ikakwaruza, kikakaa.

"Mama, usisukume kiti."

"Sijakigusa," Mama akanong'ona.

Kikasogea tena. Magoti yake yakafika kwenye dashibodi. Akapapasa mshikio chini ya kiti, akauvuta, akausukuma. Kiti kikaendelea, polepole, kwa namna ya mtu anayejiweka sawa kabla ya kuanza safari. Tumbo likagusa usukani. Honi ikalia, ikanyamaza.

"Acha utani!" alinifokea.

Nikamwonyesha mikono yangu. Yote miwili ilikuwa dirishani.

"Nitoe."

Nikavuta mlango. Haukufunguka. Naapa niliuvuta, ingawa najua kwamba kwa pumzi moja au mbili sikuuvuta kwa nguvu zangu zote.

Mlio ukaongeza kasi. Mama akaanza kuomba, midomo tu ikicheza. Kiti kikasimama pale ambapo mke wangu alipenda kikae. Kaka alibanwa, anahema kwa juu juu, macho yametoka. Mbele yake, karibu na uso, ilikuwa ile taa.

Akaifunika kwa kiganja.

Alipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. Hapohapo mlio ukakatika, injini ikazima, mlango ukafunguka mikononi mwangu bila kuvutwa.

Tulimwingiza sebuleni. Mama akamletea beseni la maji. Kwenye kiganja chake kulikuwa na alama nyekundu iliyochorwa vizuri kuliko muhuri: duara, na ndani yake mstari na nukta. Mama akaisugua kwa kitambaa. Haikufutika. Haikuwa na lengelenge wala ngozi iliyonyauka.

"Inauma?" Mama aliuliza.

"Hapana," alisema kaka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Nikamwambia kwamba kesho atakwenda kwa wakwe zangu na kusema alichomwambia Dokta. Akatazama beseni. Akasema tusifukue ya marehemu. Akasema watu hawataelewa mambo ya ufundi. Akasema, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, "Shemeji naye angeweza kuendesha taratibu."

Mama akanishika mkono kabla sijaunyanyua.

Nje giza lilikuwa limeingia. Umeme ukakatika mtaa mzima. Tukabaki tumekaa, kila mmoja akisubiri macho yazoee, mpaka nikagundua kwamba yalikwisha kuzoea. Namwona Mama. Namwona kaka. Kulikuwa na mwanga mwekundu sebuleni.

Kaka akafumba mkono. Mwanga ukapenya kati ya vidole.

Akauficha kwapani, akaukalia, akaufunika kwa mto wa kochi. Kisha mlio ukaanza, mdogo, ukitoka ndani ya ngumi yake. Ti, ti, ti.

"Uzime," alinong'ona. "Mwalimu, wewe unajua mambo haya. Tafadhali. Uzime."

Nikavuta kiti, nikaketi karibu yake ili nisikie vizuri. Hapakuwa na waya wa kukata.