Mkwaruzo Kwenye Spika ya Sebuleni

Nina miaka thelathini na mbili, naishi Morogoro mjini na mume wangu. Mama alibaki kwao, juu milimani kupita Mlali. Kila Ijumaa alinitumia sauti kwa simu.

Mwaka jana nilibeba mimba baada ya kupoteza mbili. Daktari akanikataza safari. Nikawa nashinda sebuleni, namsikiliza mama akimwimbia mtoto tumboni kwa Kiluguru, kwenye spika kubwa ya mume wangu, ile anayoifuta vumbi kuliko viatu vyake.

Siku moja nikasikia mkwaruzo. Mama akivuta pumzi, spika inakwaruza. Mume wangu akainama, akasikiliza, akasema hasikii kitu, mimba inanichezea masikio. Jirani yetu Mama Zuhura naye akasema hasikii. Nikajiona nimeanza kuchanganyikiwa...

Mkwaruzo ukazidi. Safari hii mume wangu akakubali upesi mno. "Kweli mke wangu, imechanika ndani. Naipeleka kwa fundi."

Akaibeba, akairudisha. Mkwaruzo uko palepale! Nikaweka taarabu, ikatoka safi kabisa. Nikamuuliza, hii spika inamchagua mama yangu tu? Akachukua kitambaa, akaanza kuifuta vumbi.

Kisha sauti za mama zikakoma. Nikaambiwa mnara wa simu kule juu umeharibika, nikaamini.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Nikasema mama awe wa kwanza kuambiwa. Mume wangu akakaa kitandani, akaanza kulia. Mama alikuwa ameshazikwa.

Kumbe kilichokuwa kinakwaruza ni kifua chake! Wote walikisikia, hata Mama Zuhura. Mama mwenyewe aliwaapisha wanyamaze. Kwetu mjamzito haambiwi habari mbaya, na aliogopa nisije nikaipoteza na mimba hii. Fundi hakuwahi kuiona ile spika. Mume wangu alizunguka nayo tu mtaani.

Nimlaumu nani? Mama aliyenipenda hivyo? Mume aliyetunza kiapo? Mtoto ninaye, nimempa jina la bibi yake. Lakini kuagana na mama yangu, hata kwa simu, nilinyimwa... Naumia mpaka leo.

Ndugu zangu, msimfiche mtu ugonjwa wa mzazi wake kwa kumwonea huruma. Na ukisikia sauti ya mama yako ina kasoro, usiishie kukagua spika. Mpigie umuulize.

Jana nilimwekea mwanangu ule wimbo. Mkwaruzo ulipofika, mume wangu alinyanyuka akapunguza sauti. Nikamwambia aiache, tumsikilize.