Kilatini cha Fundi Pikipiki

"Rudia," Padri Yohanes alisema. "Polepole. Unakimbia kama unafukuzwa."

"Benedicat vos omnipotens Deo."

"Deus."

"Jana si uliniambia Deo, Padri?"

"Jana tulikuwa tunamshukuru. Leo tunamwomba abariki."

Flavian akajifuta jasho. Tangu azaliwe Mungu alikuwa na jina moja, leo Kilatini kinambadilishia majina kama pikipiki ya wizi inavyobadilishiwa namba. Fundi wa Milanzi, miaka thelathini na sita, hakuwahi kushika daftari tangu darasa la saba. Haya yote yalikuwa ya nini? Mapenzi, ndugu yangu.

Mchumba wake, Bertilla, aliapa hatoki kwao Pito bila baba yake kumbariki kwa kinywa chake mwenyewe. Na baba huyo, Mzee Cleophas, katekista wa zamani, alipata kiharusi mwaka jana. Tangu hapo hajamjibu mtu, si kwa Kiswahili wala Kifipa. Lakini siku Padri Yohanes, mzee mwenzake aliyekwisha kustaafu, alipomsalia kwa Kilatini cha utoto wao, aliitikia.

"Si umwanzishie wewe hiyo baraka, Padri, yeye amalizie?" Flavian aliwahi kuuliza.

"Anayeoa nani?"

Basi akaanza masomo, na hakumwambia Bertilla. Aliogopa kumpa tumaini halafu ashindwe.

Simu ikatetemeka. Meseji ya Bertilla: "Nimejua kila kitu. Sina kinyongo. Nenda ukamtumikie Mungu."

Akaisoma mara tatu, ikawa ngumu kuliko daftari. Akapiga.

"Nikamtumikie wapi? Nina pikipiki ya mtu hata sijaifunga injini."

"Usinifanye mtoto, Flavian. Rafiki yangu Coleta amekuona mara nne ukitoka kwa mapadri. Daftari lako amelichungulia pale gereji, Kilatini kitupu. Mwanamume mzima anasoma Kilatini aende wapi kama si utawani?"

"Utawa? Mimi?"

"Mjomba Vicent alianza hivyo hivyo. Alimwacha mchumba mbuzi ameshachinjwa. Leo ni bruda."

"Sikiliza, Bertilla..."

"Kesho namwambia paroko asisome tangazo la tatu."

Ndoa yao ilikwisha kutangazwa kanisani Jumapili mbili. Bila tangazo la tatu, hakuna ndoa.

"Ngoja nije nyumbani."

"Uje kuaga?"

Simu ikakatwa. Flavian akamtazama padri.

"Padri, hapa nimepewa hongera au nimeachwa?"

"Vyote viwili. Nenda sasa hivi."

"Lakini sijaiva."

"Hata ukae mwaka huivi. Nenda. Na ukumbuke, vos ni ninyi wawili. Usipige magoti peke yako."

Alifika Pito kwa pikipiki, upepo umemkausha midomo. Wilibrodi, kaka yake Bertilla, alikuwa uani anapepeta ulezi.

"Karibu, bruda," alisema bila kucheka.

Flavian akampita, akaingia. Ndani, Bertilla alikuwa anamfunika baba yake blanketi, macho yamemvimba.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliendelea kutazama ukuta.

"Umeshasalimia," Bertilla alisema. "Aga sasa."

"Bertilla, njoo upige magoti hapa."

"Nipige magoti unibariki? Hata seminari hujafika umeshakuwa padri?"

"Sijui ninachofanya, mama. Wewe piga magoti tu, nakuomba."

Sauti ile ilimchanganya. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba maji. Akapiga magoti, pembeni kidogo, asimguse.

Flavian akafumba macho. Masomo yote ya wiki sita yakapeperuka kama makapi ya ulezi.

"Benedicat vos," alisema mbiombio. "Benedicat vos omni... omni..."

Akajua amekosa mke.

"...potens Deus."

Haikuwa sauti yake. Bertilla akainua kichwa. Midomo ya mzee ilikuwa inatikisika, na mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, ulikuwa unapanda juu yao.

"Pater," mzee alisema, akichora msalaba hewani, "et Filius, et Spiritus Sanctus."

"Amina," Flavian akaitikia.

"Baba," Bertilla alisema. "Baba, umetubariki?" Akamgeukia Flavian. "Kilatini ni kwa ajili ya hiki?"

"Ulisema hutoki bila kinywa chake. Nikatafuta mlango wa kinywa chake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua nitashindwa. Na kweli nimeshindwa, amemalizia mwenyewe."

Bertilla akamshika mkono, hivyo hivyo na grisi yake. Alilia bila aibu, kisha akaita kwa nguvu:

"Kaka Wili! Njoo haraka, baba kasema!"

Wilibrodi akaingia na ungo mkononi. Wakati huo mzee alikuwa amegeuza shingo taratibu, anamkazia Flavian macho yale yaliyowatetemesha watoto wa mafundisho miaka arobaini.

"Unakimbia," alisema, kwa Kiswahili. "Rudia."

Ungo ukaanguka, ulezi ukatapakaa sakafu nzima. Hakuna aliyeinama kuuokota.

Flavian akamtazama Bertilla, hajui acheke au alie.

"Umesikia baba anavyosema," Bertilla alimwambia, akijisogeza mpaka mabega yao yakagusana. "Rudia."

Akarudia, polepole.