Namba Moja, Mahali Pawili

Mzee alikutwa amekufa kitandani, mashine ya kudungia dawa bado imeunganishwa mkononi. Kumbukumbu ya mashine ilionyesha alipewa mililita kumi na tano. Kikomo kilikuwa tano.

Inspekta hakupoteza muda. Alimtia pingu nesi wa zamu palepale wodini, wagonjwa wakitazama, na mama wa nesi, aliyemletea sweta, akishuhudia.

"Daktari aliagiza dozi ya kikomo, nikabonyeza kitufe chake. Skrini ilisema tano, afande. Naapa!"

"Wote huapa."

Uchunguzi wa maiti ukathibitisha: dawa ilizidi. Kesi imeiva, wenzake wakampongeza. Lakini kile kiapo kilimkera rohoni. Akaingia stoo ya vielelezo, akaijaza mashine maji, akabonyeza kitufe kile kile. Skrini ikasema tano. Akayapima maji yaliyotoka. Kumi na tano.

Lahaula!

Akakimbilia wodini kujaribu mashine nyingine. Zote zilitoa tano. Kumbukumbu zake zilionyesha kuna mtu alizirekebisha baada ya kifo, ila hii moja ilikuwa mikononi mwa polisi.

Mkuu wa waandishi wa programu za mashine hizo, ambaye vijana wake humwita Profesa, alimpokea Inspekta ofisini, akakaa chini ya karatasi aliyoibandika mwenyewe ukutani: NAMBA MOJA, MAHALI PAMOJA.

"Nifafanulie hiyo."

"Kwenye Python, lugha tunayoandikia programu, namba ya kudumu unaiweka faili moja tu. Klasi zote, yaani vipande vya programu, zinaichukua humo. Ukiibadilisha, zote zinapata mpya."

"Klasi ya skrini iliichukua humo?"

"Ndiyo."

"Na ya pampu inayosukuma dawa?"

Profesa akageuka kuitazama ile karatasi.

"Nani alizirekebisha mashine, Profesa?"

"Mimi." Akaufunika uso. "Pampu niliiandikia namba yake pembeni, kwa haraka. Kikomo kiliposhushwa kutoka kumi na tano hadi tano nikabadilisha kwenye faili, pampu nikaisahau."

"Ukamwacha binti wa watu rumande?"

"Vijana hawa nimewagombeza kwa kosa hilihili, afande. Mmoja nilimfukuza kazi. Ningewatazamaje usoni? Niliona haya."

Inspekta alitaka kumfokea, akazikumbuka pingu zake za wodini. Nyani haoni kundule.

Alirudi kituoni, akafungua mahabusu kwa mkono wake. Mama yule alikuwa bado benchini, sweta mapajani. Inspekta alishindwa kumwangalia.

"Uko huru, mwanangu. Nisamehe."

Nesi alilivaa sweta taratibu.

"Pingu ulinitia wodini, mbele ya watu. Na msamaha ukaniombe hukohuko."

Inspekta akavua kofia, akawafuata.