Tundu la Heleri

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mawe ya Kinampanda Evodia alipofunga mbuzi, akamwachia mdogo wake Calist mtoto, akapanda jabali kutafuta mtandao. Kule kwao simu haishiki bondeni. Ukitaka kuongea na dunia unapanda, unasimama pale juu karibu na ufa wa mwamba, mkono hewani, na anayekuona kwa mbali anaweza kudhani umerukwa na akili. Wameshazoea.

Pindoni mwa kanga yake alikuwa amefunga kitu. Kilikuwa kizito kuliko ukubwa wake, na kilinuka mafuta ya nyonyo.

Ngoja niwaeleze kilikuwa nini, maana bila hicho hamtanielewa.

Katika ukoo wao mtoto akizaliwa, siku ya kutolewa nje anatafutiwa sarafu yenye tundu, zile senti za mkoloni zilizotobolewa katikati. Inapakwa nyonyo, inatungwa kwenye kamba ya ngozi ya mbuzi pamoja na za wenzake. Mtu akifa sarafu yake inavuliwa, anazikwa nayo. Kwa hiyo zilizobaki kwenye kamba ni watu walio hai, basi. Bibi Agripina ndiye aliyeitunza, na kabla hajafariki mwaka juzi alimkabidhi mjukuu wake Evodia kwa neno moja tu. Anayevua sarafu ni mfiwa. Asiyefiwa asiguse.

Kamba ilikuwa na sarafu tisa. Ya mwisho ilikuwa ya Yunisi, binti wa Evodia mwenye miaka minne, na hiyo haikufanana na wenzake. Ilikuwa heleri, sarafu ya enzi za Mjerumani, pana, yenye taji. Evodia hakuwahi kujiuliza bibi aliitoa wapi, wakati shilingi za siku hizi hazina matundu na senti za zamani zilishakwisha kijijini. Kosa la kwanza liko hapo, na halikuwa lake.

Upepo wa Februari ulikuwa umeondoka na bati za nyumba yake. Akasikia sokoni kwamba mjini kuna watu wanaokusanya sarafu za kale, wananunua. Akajiunga na kundi lao kwenye simu. Weee, mle ndani kuna watu! Mmoja alimwahidi milioni arobaini, ila kwanza atume elfu hamsini ya usajili. Mwingine alimwambia azisugue kwa limau na majivu mpaka zing'ae. Calist, ambaye ni mwalimu na haibiwi kirahisi, alicheka mpaka akakohoa, kisha akampa dada yake vipimo. Mshauri wa kweli haombi hela wala haahidi utajiri. Hakwambii uoshe sarafu, kwa sababu wanaozijua hawaitaki iliyooshwa. Na asipojua jambo, haoni aibu kusema hajui.

Ndipo akatokea Zefania.

Hakuwa na picha, jina tu. Evodia alimwamkia kwa maandishi, shikamoo, naye akajibu marahaba, mjukuu wangu. Akaomba picha za pande zote mbili, zipigwe mchana, rula pembeni. Akasema nane kati ya hizo ni za kawaida, hakuna hata moja inayofikia bei ya soda. Akamwonya asizioshe. Alipoulizwa zilitengenezewa nchi gani alijibu kwamba hajui. Calist alivaa miwani akasoma mazungumzo yote tangu juu hadi chini, akasema huyu ni mtu mkweli. Na kweli alikuwa mkweli, Mungu atusamehe.

Jioni ile, simu ilipokamata mtandao, ujumbe wake ulikuwa unasubiri.

Heleri ndiyo yenye thamani, aliandika. Lakini siku hizi wapo wanaochonga za bandia na kuzitoboa kwa mashine, na ukweli unaonekana ndani ya ukingo wa tundu, pale kamba ilipopafunika. Aivue, aipige picha. Halafu akaongeza kwamba harufu ya nyonyo isimtie wasiwasi.

Evodia aliusoma mstari ule mara mbili.

Picha hainuki...

Alipaswa kushuka. Mimi ningeshuka, lakini nasema hivyo nikiwa nimekaa, na bati zangu ziko juu ya kichwa changu. Yeye alijiambia kwamba mzee anayezijua sarafu hawezi kukosa kujua zilikuwa zinapakwa nini. Alijiambia pia kwamba ni dakika moja, picha moja, kisha anairudisha. Akaketi juu ya jiwe lililokuwa bado na joto la mchana, akafungua fundo.

Heleri ilitoka kirahisi mno.

Upepo ukakata. Kengele ya mbuzi kule chini nayo ikanyamaza. Harufu ya nyonyo ikapanda, nzito, kana kwamba mtu aliyejipaka mwili mzima amekuja kukaa nyuma yake. Hakugeuka. Simu ikatetemeka mkononi.

"Pole na msiba, mjukuu wangu."

Akaandika. Nani amekufa?

Hakujibiwa kwa maandishi. Ilikuja sauti. Aliibonyeza, akaiweka sikioni. Kwanza alisikia milio mikavu, panga likikata majani magumu, pigo baada ya pigo... Halafu mzee akaanza kuongea taratibu, Kiswahili chenye Kinyiramba ndani yake, kile kile cha bibi.

"Nilikwenda Tanga kukata mkonge. Sikurudi. Dada yangu Agripina aliivua sarafu yangu, akakosa kaburi la kuiweka. Akaificha. Mtoto wako alipozaliwa, zenye matundu zilikuwa zimekwisha."

Panga likakoma. Na mahali pake akasikika mtoto anacheka. Kilikuwa kicheko cha Yunisi, chenye kwikwi mwishoni.

"Mimi siibi. Hiyo ni yangu."

Evodia hakumbuki alivyoshuka. Aliacha ndala moja mlimani na haijaonekana hadi leo. Nyumbani alimkuta Calist anachochea moto, na Yunisi ameketi kwenye kigoda, mzima, macho wazi. Calist akasema mtoto alikuwa anacheka peke yake sasa hivi tu, kisha akanyamaza ghafla. Evodia akamshika mikono. Ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Kiganja kimoja kilikuwa na mafuta, naye alijua ni mafuta gani kabla hajakinusa.

Akachukua kamba. Irudi tu. Irudi pale pale ilipokuwa, iwe kama haikutoka. Akailowesha ncha ya ngozi kwa mate, akalitafuta tundu kwa kidole.

Akalitafuta tena.

Akamwambia Calist, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, alete tochi.

Taji lilikuwepo. Mwaka ulikuwepo.

Tundu halikuwepo.

Katikati palikuwa pameziba, laini kabisa, bila alama hata moja, kama shilingi iliyotoka benki jana. Calist akaleta msumari na nyundo. Dada yake akamshika mkono asipige. Aliogopa kitakachotobolewa.

Yunisi hakufa siku ile, wala wiki ile. Zahanati walimpima malaria hawakuiona, wakapima na damu, ikawa nzuri. Anakula akilishwa. Anageuka akiitwa, lakini polepole, kila siku polepole zaidi, na mama yake akimbeba anamwona ameongezeka wepesi. Mchungaji amemwombea. Wazee wa ukoo wamechinja kondoo. Walifikiria pia kuizika heleri, Zefania apate haki yake ya miaka yote hiyo. Walipoiweka shimoni mtoto akakata pumzi. Wakaitoa mbio, akapumua.

Calist halali vizuri tangu hapo. Anarudia vipimo vyake kimoja kimoja, na kila kimoja kinakubali. Vilikuwa vya kumjua tapeli, na Zefania hakuwa tapeli.

Sasa kila jua likizama Evodia anapanda jabali, heleri imefungwa pindoni. Kundi lile lina watu elfu saba na kila mmoja ana jibu. Toboa upya. Loweka kwenye siki. Tuma namba yako nikupigie. Yeye hawaamini, na anafanya vizuri kutowaamini. Anamwandikia yule mmoja ambaye hajamdanganya hata mara moja. Anamwamkia, anaitikiwa. Kisha anamuuliza afanye nini mtoto wake abaki.

Jana alisubiri hadi nyota zikaanza kutoka. Harufu ikaja kwanza. Kisha simu ikatetemeka.

"Sijui, mjukuu wangu."