Abiria Aliyelowa

Haya yaliwapata mdogo wangu Nariyana na mumewe Dyulustan, mwezi wa kwanza, miaka sita iliyopita. Mama yetu alikuwemo garini. Mimi nilibaki kuangalia ng'ombe, kwa hiyo ninayosimulia nimeyapata kwao watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao yanalingana mpaka kwenye harufu.

Siku ilianza vizuri tu. Nyuzi arobaini na nane chini ya sifuri, ukungu umekaa juu ya paa, watoto wadogo wanafurahi kwamba shule imefungwa kwa baridi. Mama alikuwa anakaanga chapati za maji. Nariyana, mimba yake ya miezi minane, aliinuka kuchukua bakuli la siagi, akasimama katikati ya jiko, akatazama chini. Damu ilikuwa inamshuka mguuni.

Hospitali iko ng'ambo ya mto Lena. Wakati wa baridi mto ndio barabara yetu, kilomita kumi na moja za barafu, zimepangiwa vitawi vya misonobari pembeni ili mtu asipotee. Dyulustan ana gari la kijivu lenye umbo la mkate, na injini yake ilikuwa inanguruma uani tangu alfajiri, maana kwa baridi ile ukizima huwashi tena. Tukatandika godoro nyuma, Nariyana akalala, Mama akakaa ubavuni kwake na chapati zake kwenye kitambaa.

"Mkwe, endesha kama umebeba mayai," Mama akasema.

"Nimebeba zaidi ya mayai, Mama."

"Basi funga mdomo uangalie njia."

Dyulustan alikuwa dereva mzuri, hilo silipingi. Alifundishwa na Spiridon, mzee aliyevuka mto ule na lori kwa miaka thelathini. Spiridon alikuwa mtu msafi kupita kiasi. Alinyoa kila siku, usukani wake aliufuta kwa kitambaa cheupe, na vijana aliowafundisha aliwakaririsha sheria zake mpaka wakawa wanaziota. Kabla ya kuingia barafuni fungua mkanda wa kiti, acha milango wazi kidogo, gari likizama upate pa kutokea. Nenda polepole, mwendo wa kasi unasukuma maji chini na wimbi lake linapasua barafu mbele yako. Usikanyage breki kwa nguvu. Gari likiteleza peleka usukani kule mkia unakoelekea, uwe mpole. Barafu ya buluu iamini, nyeupe iamini nusu, nyeusi geuza.

Na ile kubwa kuliko zote: "Nchi kavu, simama kwa kila mtu. Mtoni, usisimame hata kwa mama yako."

Ya nchi kavu sisi sote tunaijua. Kwa baridi ile, kumpita mtu barabarani ni kumuua. Ya mtoni ni kwa sababu gari likisimama, barafu hubonyea chini yake kidogo kidogo mpaka lizame.

Mwezi wa kumi na moja, miezi miwili kabla ya safari hii, barafu ikiwa bado changa, lori la Spiridon lilizama. Mwili haukupatikana. Dyulustan alikuwa nyuma yake siku hiyo. Alisema alikuwa mbali, alipofika akakuta shimo tu na mvuke. Kijiji kizima kiliacha kula wale samaki wa sharubu moja kidevuni, maana kila mtu anajua wanakula nini mtoni. Mimi mpaka leo nikiwaona sokoni mate yananijaa, yale mate ya kabla ya kutapika.

Walishuka ukingoni karibu saa sita mchana. Jua lilikuwepo, doa jeupe ndani ya ukungu. Dyulustan akafungua mkanda, akaachia milango, baridi ikaingia mpaka kope zikashikana. Mama akatupa kipande cha chapati chenye siagi barafuni, kama inavyotakiwa. Mto wetu tunauita Bibi, na kwa Bibi huingii mikono mitupu.

"Bibi, tunapita tu," akanong'ona. "Tuna mgonjwa."

Kilomita ya tano, Nariyana alikuwa ameinua kichwa ili aone njia. Yeye ndiye aliyeona kwanza.

"Kuna mtu pale."

Mtu alikuwa amesimama kando ya vitawi, mkono juu. Hakuna gari karibu yake. Hakuna mzigo. Alikuwa amewapa mgongo.

"Usisimame," Mama akasema.

"Atakufa, Mama!" Nariyana alilia. "Dyulustan, hatuwezi kumwacha!"

Dyulustan hakusimama na hakumpita. Alipunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa, ili mtu atembee sambamba nalo na kuingia mwenyewe. Mlango wa mbele ulikuwa wazi tayari. Yule mtu akatembea kinyumenyume hatua tatu, bado amewapa mgongo, akaushika mlango, akakaa.

Kiti kilitoa sauti kama tambara lililojaa maji.

Alikuwa amelowa. Baridi ile, chai ukiirusha hewani inakuwa vumbi kabla ya kufika chini. Yeye alikuwa anachuruzika. Maji yalishuka kwenye mikono ya koti lake, yakatambaa sakafuni, na hayakuganda. Yalikuwa mazito. Yalikuwa na utelezi, kama ule unaobaki mikononi ukimaliza kupasua samaki.

Kisha harufu. Mama anasema ilikuwa ya pipa la samaki waliosahaulika kiangazi kizima, na chini yake, kwa mbali, sabuni ya kunyolea.

"Funga mlango, mwanangu," mtu yule akasema. "Baridi."

Dyulustan akaijua sauti.

"Funga mlango. Funga mkanda. Ongeza mwendo kidogo, mkeo anaumwa."

Hapo ndipo alipogeuza uso. Dyulustan alitazama mara moja tu, akajuta. Ngozi ilikuwa nyeupe, imevimba, imejikunja kama vidole vya mfuaji. Midomo haikuwepo. Ilikuwa imeliwa kwa kingo safi, mduara baada ya mduara. Nyuma ya meno kitu kilikuwa kinasogea, na hakikuwa ulimi.

"Spiridon," Dyulustan alinong'ona.

"Eeh. Ongeza mwendo."

Mguu wake ukakanyaga mafuta. Anasema hakuuamuru. Gari likaruka mbele, na chini yao barafu ikalia, mlio mrefu unaokimbia mbali na kurudi.

"Mkwe! Polepole!" Mama akapiga kelele.

Dyulustan akaunyofoa mguu. Mkia wa gari ukaanza kuteleza kushoto.

"Kanyaga breki," Spiridon akasema kwa upole uleule wa zamani, upole wa mwalimu. "Kanyaga kwa nguvu. Geuza kulia."

Akageuza kushoto. Alifuata mkia. Breki hakuigusa. Gari likayumba mara mbili, likanyooka. Nje, barafu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

Spiridon akakohoa. Kikohozi kilitoka tumboni, na kitu kikaanguka juu ya kifuniko cha injini, kile kilicho katikati ya viti vya mbele. Samaki mdogo, urefu wa kidole, sharubu moja. Alikuwa hai. Alijipiga juu ya kile chuma cha moto, akaanza kuiva hapohapo huku akifungua mdomo. Nariyana alitapika juu ya godoro.

"Mwambie mkeo," Spiridon akasema. "Ulinipitaje."

Injini tu. Na yale maji, tone, tone.

"Nilikuwa mbali," Dyulustan akasema.

"Mwambie."

"Mume wangu," Nariyana akanong'ona, "anasema nini huyu?"

Dyulustan akaanza kulia. Machozi yakaganda mashavuni, yeye hakuyafuta.

"Nilikuona," akasema. "Ulikuwa umeegemea viwiko kwenye ukingo wa shimo. Hatua ishirini kutoka kwangu. Uliniita jina. Nikapita. Nilipofika ukingoni mwa mto nilikuwa na kamba, ningeweza kurudi kwa miguu. Nilifunga kioo. Nilikaa ndani ya gari, nikawasha redio, nikangoja mpaka uache kuniita."

Mama anasema harufu ya maiti aliivumilia. Maneno yale ndiyo yaliyomfanya aweke kitambaa mdomoni.

"Ulifuata nilichokufundisha," Spiridon akasema. Meno yalibaki yanaonekana, kwa hiyo hakuna ajuaye kama alitabasamu. "Mwanafunzi mzuri. Sasa simama. Ni hapa."

Mguu wa Dyulustan ukaanza kuelekea kwenye breki.

Mama akarukia mbele. Akaunyaka mguu ule kwa mikono miwili, akaung'ang'ania kifuani kama anayevuta ndama tumboni mwa ng'ombe. "Endesha!" alipiga kelele. "Endesha, mshenzi wewe, mke wako yuko humu!"

Barafu ikapasuka nyuma yao. Maji yakapanda.

Dyulustan hakuongeza mwendo. Sheria ya wimbi. Aliendelea kwa mwendo wa ng'ombe, analia, ufa unamfuata. Hakugeuka. Kiti cha pembeni kikawa kinaongea, kinabembeleza, simama mwanangu, simama kidogo tu, halafu kikawa kinaita jina lake tu, tena na tena, sauti ikizidi kudhoofika, kama ya mtu anayechoka kushika ukingo.

Magurudumu yakagusa mchanga wa ng'ambo. Kiti kikanyamaza. Kilikuwa kitupu.

Nariyana alijifungua saa tisa alasiri, mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye kelele. Dyulustan hakuingia kumwona. Alichomoa kile kiti, akakichoma nyuma ya hospitali, na anasema kilichukua saa nzima kushika moto.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa Fevronia, mjane wa Spiridon. Mimi ndiye niliyemsindikiza, maana mke wake alikataa. Alikunywa chai, akasema yote, hakuficha hata redio. Fevronia alisikiliza akiwa amekunja mikono. Mwisho akauliza jambo moja.

"Alikuita mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

Fevronia akakichukua kikombe alichonywea Dyulustan, akafungua jiko la kuni, akakitupa motoni na chai yake. Kisha akafuta mahali kilipokuwa, akafuta tena, akaendelea kufuta mpaka tukainuka tukaondoka.

Dyulustan haendeshi tena. Wanaishi nyumba moja, yeye na mdogo wangu, lakini Nariyana humwekea chakula na kwenda kula chumba kingine. Anasema hawezi kumsikia akitafuna. Simlaumu.

Mwaka jana, mto ulipoanza kuganda, nilioga na Nariyana bafuni kwa Mama, kwenye mvuke. Alipojigeuza kuchukua maji, nikaona tumbo lake. Chini ya kitovu palikuwa na mabaka matano ya mviringo, yamepangana kama ncha za vidole. Ngozi yake pale ilikuwa nyeupe, imevimba, imejikunja.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Hutokea mto ukiganda," alisema bila kunitazama. "Ukiyeyuka hupotea. Hakunigusa, dada. Naapa yule mtu alikaa mbele muda wote, hakunigusa."

Nikampa taulo. Alijikausha mwili mzima, vizuri, mara mbili. Yale mabaka matano hayakukauka. Nilipoyabonyeza kwa kidole, maji yakatoka.