Chaki ya Fundi Tajudini

Kila alasiri Soumaya akitoka shule hufagia nyuzi kwenye kibanda cha baba yake, Tajudini, fundi cherehani wa soko la Jabe. Ijumaa hiyo alifagia huku akikariri somo la Mwalimu Hyacinthe: ndani ya seli kuna nakala ya maelekezo iitwayo RNA. Sehemu zisizohitajika hukatwa, zinazobaki zikaunganishwa, na kimeng'enya fulani husaidia kuongoza kazi hiyo kwa kuweka alama. Jumatatu angekieleza mbele ya darasa.

"Kimeng'enya ni mkasi tu," alijiambia. Mjuaji kweli huyo!

Baba yake alipokwenda kuswali, aliacha mezani kitenge cha gauni la Mama Lisette, ambaye mtoto wake angebatizwa Jumapili.

"Usiguse mukasi," alionya. "Mi sijapiga chaki bado."

Lakini Soumaya alitaka kumfurahisha. Akakata kwa kukadiria kwa macho. Mkono mmoja wa gauni ukatoka mfupi kwa upana wa kiganja, na kitenge kilikuwa hicho hicho kimoja.

Alitamani kukificha kipande kile kwenye gunia la mabaki, aseme kitambaa kililetwa pungufu. Kisha akamkumbuka Mama Lisette alivyokileta kwa furaha, akaona aibu.

"Baba, nimekata mbele ya chaki, hujachora bado," Soumaya alimwambia aliporudi, machozi yakimlenga.

Tajudini alikunja uso. Akakipima kitenge, akakigeuza, akakipima tena.

"We kichwa ngumu! Afazali umesema sasa. Ningeshona, ingekuwa imeisha."

Akachora mistari myeupe penye pindo pana la chini. "Kata hapa. Polepole." Wakapata kanda mbili, wakaupunguza mkono wa pili ulingane na ule mfupi, kisha wakaunga kanda kwenye mikono yote miwili.

Jumamosi Mama Lisette alivaa gauni, akajizungusha. Soumaya akamweleza kosa lake lote.

"Eh, mutoto we! Umenipatia fasheni!" Mama Lisette akacheka. Soumaya akashusha pumzi ndefu, mzigo umemtoka.

Jumatatu alisimama darasani na kipande cha chaki. "Kimeng'enya hiki si mkasi, ni kama chaki ya fundi," alisema. "Huweka alama za kemikali kwenye protini zinazosaidia kuonyesha pa kukata. Alama zikikosewa, nakala inaweza kukatwa vibaya."

"Nani amekueleza hivyo vizuri?" aliuliza Mwalimu Hyacinthe.

Soumaya akasimulia habari ya kitenge, bila kujipendelea. Darasa likacheka, naye akacheka.

"Mmesikia?" alisema mwalimu. "Soumaya aliharibu kwa kuharakia kazi kabla ya kuelekezwa. Lakini gauni liliokoka kwa sababu alisema ukweli mapema, wakati bado linarekebishika. Nanyi mkikosea, semeni siku ile ile."